Pikipiki na Amri za Kituo cha Petroli Katika Nchi za Jirani

Hakuna kituo cha petroli katika miji ya Kampala, Kisumu au Bujumbura ambacho hakijapata kusikia ugomvi wa mwendesha pikipiki na mhudumu wa pampu. Mhudumu anamwamuru azime injini, ashuke, abiria wake asimame kando, alipe kwanza, na chupa aliyoificha chini ya koti airudishe alikoitoa. Mwendesha pikipiki anajibu kwamba ana haraka, kwamba mwenye gari aliyemtangulia hakuambiwa ashuke, na kwamba mafuta anayotaka ni ya fedha kidogo tu. Mara nyingi ugomvi huo huisha kwa maneno. Lakini ukizidi, anayeitwa ni askari, naye hufika mahali hapo akiwa na virungu na mamlaka, bila kuelezwa sababu ya amri anayotakiwa kuilinda.

Kwa hiyo si kazi bure askari wa jeshi na wa polisi kuyafahamu mambo haya kwa undani. Amri isiyojulikana sababu yake hulindwa kwa nguvu peke yake, na nguvu peke yake haidumu.

Biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki ni kubwa katika Afrika ya Mashariki, na asili yake ni ya mpakani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, walianza kuwavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Wito wao wa kuwatafuta wateja wa kwenda mpakani ndio uliozaa jina la bodaboda. Baadaye baiskeli zikafuatwa na pikipiki, na jina likaenea hadi Tanzania na kwingineko.

Wengi wa waendeshaji hao hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Mtu wa namna hiyo hanunui petroli ya kujaza tangi. Hununua ya safari mbili au tatu, akapata nauli, kisha akarudi kununua tena. Kwa sababu hiyo hupita kituoni mara nyingi kwa siku kuliko mwenye gari. Kila dakika anayocheleweshwa huihesabu kuwa abiria aliyechukuliwa na mwenzake. Hapo ndipo kero yake inapoanzia, nayo ni kero ya haki, isiyofaa kudharauliwa.

Hata hivyo, amri nyingi zinazomkera zimewekwa kwa ajili ya uhai wake mwenyewe. Yafaa ieleweke kwamba kinachowaka si petroli ya majimaji, bali ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la mchana la Afrika ya Mashariki. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kati ya mara tatu na nne, na kwa hiyo hauruki juu ukapotea, bali hutambaa chini na kujikusanya penye mashimo na mifereji. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu moja na nusu hivi hadi sehemu saba na nusu katika kila mia, cheche ndogo kabisa yatosha kuuwasha.

Sasa itazamwe pikipiki yenyewe ilivyoundwa. Katika gari mdomo wa tangi uko ubavuni au nyuma, mbali na injini, na dereva ametengwa nao kwa bati. Katika pikipiki tangi liko juu ya injini yenye moto, mbele ya tumbo la mwendeshaji na katikati ya mapaja yake. Tone linalomwagika huangukia injini, au waya wa plagi, au bomba la moshi. Injini ikiwa inanguruma, kuna cheche na kuna joto linaloongezeka. Moto ukizuka, aliyeketi hana pa kukimbilia: akiruka, pikipiki huanguka na kummwagia mafuta miguuni. Abiria aliyeketi nyuma yake hali yake ni mbaya zaidi, maana hawezi hata kuona kinachotokea. Hii ndiyo sababu mwenye gari hulazimishwa kuzima injini tu, lakini mwenye pikipiki huambiwa azime, asimamishe chombo kwa stendi, ashuke, na abiria wake asogee mbali. Hakuna dharau katika amri hiyo. Imefuata umbo la chombo.

Amri ya pili inayoleta manung'uniko ni ile ya kutojaza tangi hadi mdomoni. Mnunuzi hudhani anapunjwa. Ukweli ni kwamba petroli hutanuka inapopata joto, kiasi cha sehemu moja katika mia kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Tangi la lita 11 lililojazwa hadi juu kwa mafuta baridi yaliyotoka katika hodhi la chini ya ardhi, kisha likaachwa juani, litatafuta mahali pa kutolea ziada hiyo. Nayo itatokea kwenye mfuniko na kutiririkia injini.

Amri ya tatu ni ile ya kukataza chupa na madumu ya kawaida ya plastiki. Mafuta yanapopita kwa kasi katika mpira wa pampu huzalisha umeme tuli, yaani ule umeme wa msuguano unaomshtua mtu anapovua nguo ya nailoni. Mdomo wa pampu ukigusa tangi la chuma, umeme huo hupata njia ya kuondoka. Plastiki haiupi njia. Umeme hujilimbikiza, na unaporuka kutafuta pa kwenda hutoa cheche mahali pale pale penye mvuke. Tena chupa ya soda iliyojazwa petroli haiishii kituoni. Huenda kukaa chini ya kitanda, karibu na jiko la mkaa, ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Lakini uadilifu wataka isemwe pia kwamba si kila kinachoamriwa kituoni kina uzito ule ule. Mfano ni simu ya mkononi. Katika vituo vingi kuna picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na chini ya picha hiyo hiyo imebandikwa namba ya kulipia kwa simu. Nchini Kenya, ambako malipo ya M-Pesa yalianza mwaka 2007 na yakaenea nchi nzima, mhudumu huyo huyo aliyemkaripia mteja kwa kushika simu ndiye anayemngoja athibitishe malipo kwa simu hiyo. Kwa kweli, mioto ya vituoni iliyowahi kuhusishwa na simu ilipochunguzwa, umeme tuli ulionekana kuwa sababu ya karibu zaidi. Bado ni busara simu isitumike wakati mafuta yanamiminwa, kwa kuwa mtu anayezungumza hatazami tangi linapofurika. Lakini kanuni inayokatazwa na kuamriwa mahali pamoja humfundisha mwananchi kwamba kanuni zote ni mchezo. Dawa yake ni rahisi: malipo yafanyike kando ya pampu, kabla au baada ya kumimina.

Amri ya kuvua kofia ngumu kituoni nayo haihusu moto hata kidogo. Inahusu usalama wa fedha na wa watu, na askari wanaifahamu sababu yake. Nchini Uganda, Machi 17, 2017, ofisa wa juu wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi mjini Kampala na watu waliotumia pikipiki. Juni 1, 2021, Jenerali Katumba Wamala, aliyepata kuwa Mkuu wa Majeshi, alishambuliwa katika mji huo huo na watu wenye silaha waliopanda pikipiki. Yeye alijeruhiwa, na binti yake na dereva wake waliuawa. Matukio hayo yaliwatia hofu walinzi wa usalama, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini wauaji wachache wasifanywe kuwa sura ya maelfu ya vijana wanaotafuta riziki. Mwendeshaji akiombwa aonyeshe uso wake kwa adabu, huuonyesha. Akivuliwa kofia kwa nguvu mbele ya abiria wake, huondoka na kinyongo, na siku atakapomwona mhalifu wa kweli hatamwambia askari.

Ugumu wa mambo haya huonekana zaidi wakati wa uhaba. Mwezi wa Januari 2022 malori ya mafuta yalikwama katika mpaka wa Kenya na Uganda kwa sababu ya mgogoro wa vipimo vya Uviko kwa madereva, na bei ya petroli katika sehemu kadha wa kadha za Uganda ikaruka kupita kiasi. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo vituo vingi vya Kenya vilikauka, huku makampuni ya mafuta yakidai malipo ya ruzuku yaliyocheleweshwa na serikali. Burundi, isiyo na bahari wala fedha nyingi za kigeni, imeonja taabu kubwa zaidi. Mwaka 2024 misururu ya magari ilikesha mbele ya vituo vya Bujumbura, na watu walivuka hadi Uvira, katika Kongo, kutafuta petroli ya kurudi nayo. Mji huo tayari ulikuwa umeshuhudia, tangu Machi 2022, pikipiki na baiskeli za biashara zikizuiwa kuingia katikati yake.

Katika hali kama hiyo, dumu linalokatazwa kituoni hupata thamani kuliko pampu. Hapo amri ya usalama hugeuka kuwa mlango wa rushwa: asiye na kitu hukataliwa dumu kwa jina la sheria, na mwenye kitu hujaziwa usiku. Pia hapo ndipo jina la askari hupimwa. Gari la mwenye sare likiruka msururu bila dharura ya kazi, au pikipiki ya doria ikitiwa mafuta huku injini inanguruma na mpanda wake amekaa juu, basi somo zima la usalama limefutwa mbele ya macho ya watu mia.

Gharama ya kutoijua petroli imekwisha kulipwa katika eneo hili, na haikulipwa kwa fedha. Januari 31, 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka, wananchi wakakimbilia kuchota, moto ukazuka na watu zaidi ya 100 wakafa. Julai 2, 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, lori lingine liliwaka na kuua watu zaidi ya 200. Juni 29, 2013, ikawa zamu ya Namungona, mjini Kampala, ambako waendesha bodaboda walikuwa wengi miongoni mwa waliokufa. Agosti 10, 2019, msiba ukaifikia Tanzania yenyewe, pale Msamvu, Morogoro, nao ukachukua roho zaidi ya 100, wakiwamo vijana wa bodaboda.

Katika misiba yote hiyo watu walisogelea petroli kama wanavyosogelea maji. Walidhani hatari iko katika yale majimaji yanayoonekana, kumbe walikuwa wamesimama ndani ya mvuke wasiouona. Mwendeshaji anayefundishwa kila siku kituoni kwa nini azime injini, ashuke na amwondoe abiria, amekwisha kufundishwa pia kwa nini asikimbilie lori lililopinduka. Anayekaripiwa tu kila siku hakufundishwa lolote. Siku lori litakapoanguka na mhudumu wa kumkaripia hayupo, atachukua dumu lake na kwenda.

Zipo nchi zinazojaribu kuuondoa ugomvi huu kwa kuiondoa petroli yenyewe. Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazoandikishwa mjini Kigali ziwe za umeme. Mwendeshaji wa chombo cha aina hiyo hufika kituoni, akaacha betri iliyokwisha nguvu na kuchukua iliyojazwa. Lakini pikipiki za petroli bado ni nyingi mno katika nchi zote za jirani, na zitaendelea kupita vituoni kwa miaka mingi.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu naye ana wajibu wa kusema maneno yanayosikika. Askari anayeitwa kituoni kuamua ugomvi ana dakika moja ya kueleza kwamba tangi liko juu ya injini, kwamba mvuke hutambaa chini, na kwamba abiria aliye nyuma hana njia ya kujiokoa. Dakika hiyo haimpunguzii cheo. Humwachia mwendeshaji elimu ya kuondoka nayo, naye ataieleza kwa wenzake kijiweni jioni hiyo hiyo, kwa lugha yao. Na amri iliyokwisha kuelezwa kijiweni hulindwa na wenye kijiwe wenyewe, hata pale ambapo askari hayupo.