Msichana na Nyota Isiyoonekana

Nyota hazitoi nuru tu. Vitu vingi vya mbinguni hutoa pia mawimbi ya redio, ambayo jicho haliyaoni wala sikio haliyasikii. Mtu wa kwanza kuyatambua alikuwa Karl Jansky wa Marekani. Alikuwa akitafuta asili ya kelele zilizosumbua simu za redio, na mwaka 1933 alitangaza kwamba baadhi ya kelele hizo zilitoka mbali sana, kati ya nyota. Baadaye wataalamu walitengeneza darubini za redio ili kuyapokea mawimbi hayo. Nyingine zina umbo la bakuli kubwa mno. Nyingine ni nyaya tu zilizofungwa juu ya miti.

Huko Cambridge, Uingereza, palikuwa na mwanafunzi, jina lake Jocelyn Bell. Alipokuwa mtoto alishindwa mtihani, lakini hakuacha kusoma. Yeye na wenzake walifanya kazi shambani miaka miwili, wakisimamisha miti zaidi ya 1,000 na kuifunga nyaya. Mwaka 1967 darubini hiyo ikawa tayari. Kalamu ya mashine iliandika mistari juu ya karatasi, kadiri ya mita 30 kila siku, naye Bell akaikagua yote kwa macho yake.

Katika karatasi hizo aliona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Mtu mwingine angaliipita, lakini yeye aliichunguza. Mwezi wa Novemba akagundua kwamba yalikuwa mapigo, moja baada ya jingine, kila sekunde moja na theluthi, bila kukosea. Mwalimu wake, Antony Hewish, alidhani yametoka katika mitambo ya watu. Lakini saa za watu hufuata jua, bali nyota huchomoza mapema zaidi kwa dakika kama 4 kila siku. Nayo alama ile ilifuata nyota. Wakatania kwamba labda viumbe wa dunia nyingine wanaita. Ndipo Bell akapata mapigo kama hayo upande mwingine wa mbingu, mzaha ukaisha.

Ilikuwa nyota ya namna mpya, iitwayo palsa. Nyota kubwa ikipasuka, kiini chake huweza kubaki, kimeshindiliwa hata upana wake ni kama kilomita 20 tu, lakini uzito wake wapita ule wa jua. Kiini hicho huzunguka upesi na kurusha mawimbi yake kama mnara wa taa pwani. Kila yanapopita duniani, pigo moja hupokewa. Leo palsa zaidi ya 3,000 zimejulikana.

Mwaka 1974 Hewish na Martin Ryle walipewa Tuzo ya Nobel, Bell hakupewa. Mwaka 2018 alitunukiwa tuzo nyingine ya dola milioni 3, naye akaitoa yote ili kuwasomesha wanafunzi wasiopata nafasi kwa urahisi. Na chanzo cha hayo yote kilikuwa alama ndogo karatasini, ambayo msichana mmoja hakukubali kuipuuza.