Mchiriku wa Mwananyamala: safari ya Jagwa Music na ngoma za usiku katika mitaa yetu

Mkazi wa Mwananyamala, Tandale, Temeke au Mbagala hahitaji kuelezwa mlio wa mchiriku. Ameusikia kutoka uwanja wa jirani usiku wa harusi, ameusikia ndani ya daladala, na pengine amekosa usingizi kwa ajili yake. Hata hivyo, kuusikia muziki si sawa na kuufahamu. Waamini wengi wa rika la wazazi huutaja kwa neno moja tu, "uhuni", kisha mazungumzo hufungwa, ilhali vijana walioupiga kwa zaidi ya miaka thelathini ni watoto wa mitaa hii hii, na baadhi yao ni watoto wa jumuiya zetu. Tumeona vema kueleza muziki huu ulitoka wapi, kwa kufuata historia ya kikundi kimoja cha Kinondoni kiitwacho Jagwa Music.

Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, haukuanzia kwenye umeme. Mizizi yake imo katika ngoma za Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani, pamoja na chakacha ya mwambao. Ngoma hizo zilikuwa na kazi maalumu katika jamii: kumtoa mwali, kuwacheza vijana, kusindikiza bibi harusi. Familia ikiwa na shughuli, wapigaji huitwa, chakula hupikwa, majirani hukusanyika na wapigaji hutuzwa. Utaratibu huu wa kuitwa na kutuzwa ndio uliobaki hata vyombo vilipobadilika, na asiyeujua hawezi kuelewa kwa nini mchiriku hupigwa uani na barabarani badala ya ukumbini.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya biashara. Baada ya masharti ya uagizaji wa bidhaa kulegezwa mwaka 1984, na hasa katika kipindi cha Rais Ali Hassan Mwinyi kilichoanza mwaka 1985, bidhaa za nje ambazo zilikuwa adimu zilianza kuonekana tena madukani na kwenye meza za wachuuzi. Miongoni mwake vilikuwemo vinanda vidogo vya Casio. Kampuni hiyo ya Japani ilikuwa imeanza kuuza vinanda vyake vya Casiotone mwaka 1980, na aina zake ndogo zilitengenezwa kwa ajili ya watoto na watu wanaojifunza nyumbani. Vilitumia betri, vilibebwa kwapani, na bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya magitaa na vyombo vya bendi za dansi. Kijana wa uswahilini ambaye asingeweza kamwe kununua gitaa la umeme aliweza, kwa kuchangishana na wenzake, kupata kinanda cha namna hiyo.

Kinanda hicho kikaunganishwa na kikuza sauti cha zamani na spika zenye umbo la tarumbeta, zile zile tunazoziona juu ya mapaa ya misikiti na makanisa. Nyuma yake zikawekwa ngoma za asili, dumbaki na rika, na mtu mmoja akiwa ameketi akikichapa kigoda kwa vijiti viwili. Spika hizo hukwaruza, na kinanda kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule hulia kwa ukali kupita kiasi. Mgeni hudhani ni hitilafu ya mitambo. Kwa wapigaji, ukwaruzo huo ndio utamu wenyewe, kwa kuwa ndio unaopenya kelele za mtaa na kumfikia mtu aliye mbali.

Katika mazingira hayo ndipo Jagwa Music ilipozaliwa Mwananyamala mwaka 1992. Mwanzilishi wake ni mtunzi Abdallah Gora, anayejulikana zaidi kwa jina la Jolijo. Haikuwa peke yake. Miaka hiyo vilikuwepo vikundi kama Gari Kubwa, Tokyo Ngma na Night Star, na majina hayo yenyewe yanaonesha ari ya vijana waliotaka kuonekana wakubwa kuliko mtaa uliowazaa. Ushindani ulikuwa mkali, na kila kikundi kilikuwa na wafuasi wake waliokisindikiza shughuli hadi shughuli.

Redioni hawakusikika. Hadi vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo katikati ya miaka ya 1990, taifa lilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, na humo nafasi ilikuwa ya bendi za dansi, taarabu na kwaya. Vituo vipya vilipokuja, vikaukumbatia muziki wa kizazi kipya na kuuacha mchiriku nje. Njia iliyobaki ilikuwa kanda za kaseti. Zilirekodiwa kwa haraka, zikauzwa kwenye vibanda na kupigwa ndani ya daladala, na dereva na kondakta wakawa ndio watangazaji. Wizi wa kazi za sanaa ulikuwa jambo la kawaida. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, lakini kwa wapigaji wa mchiriku riziki iliendelea kutoka kwenye tuzo na malipo ya usiku mmoja.

Yafaa tuseme neno kuhusu mashairi, kwa sababu hapa ndipo hukumu za haraka hukosea zaidi. Nyimbo za Jagwa Music husimulia usaliti katika ndoa, dawa za kulevya, ushirikina, umaskini wa vyumba vya kupanga, na thamani ya rafiki asiyekuacha wakati wa shida. Orodha hiyo haipishani sana na mambo yanayoletwa mbele ya mapadre wetu na viongozi wa jumuiya wiki baada ya wiki. Hatusemi kwamba kila wimbo unafaa kuimbwa mbele ya watoto. Ipo michezo na maneno katika shughuli hizi ambayo mzazi yeyote ana haki ya kuyakataa. Tunasema tu kwamba mwimbaji anayeeleza jinsi kijana wa mtaani anavyoangamia kwa unga anaeleza jambo ambalo ni la kweli, na mara nyingi amelijua kwa karibu kuliko sisi.

Kwa takriban miaka ishirini Jagwa Music ilibaki kikundi cha mtaa. Kisha mwaka 2012 ilitoka albamu yake iitwayo Bongo Hotheads, chini ya kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji. Mtayarishaji alikuwa Werner Graebner, mtafiti Mjerumani ambaye ameandika mengi kuhusu muziki wa Waswahili. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imejipatia sifa kwa kuutangaza muziki wa Konono No. 1 wa Kinshasa, wazee waliopiga likembe kupitia vikuza sauti walivyojitengenezea kwa vipuri vya magari chakavu. Undugu wa vikundi hivi viwili ni dhahiri: vyote viliichukua ngoma ya jadi, vikaifikisha mjini, vikaipa umeme wa kuokoteza, na vyote vilisifiwa ughaibuni kwa ukwaruzo ule ule uliodharauliwa nyumbani. Jagwa Music, wakiongozwa na mwimbaji Jackson Kazimoto, walipanda majukwaa ya Ulaya, na hapa kwetu wakapiga katika tamasha la Sauti za Busara huko Zanzibar.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Ni rahisi kuifanya habari hii kuwa simulizi ya ushindi: vijana wa uswahilini waliodharauliwa, kisha dunia ikawapigia makofi. Lakini makofi ya Ulaya hayakubadilisha sana hali ya mpiga ngoma wa kawaida wa Mwananyamala. Aliporudi alikuta mtaa ule ule, kodi ya chumba ile ile, na redio zikiendelea kupiga nyimbo za wengine. Isitoshe, alikuta kwamba soko lake lenyewe limeanza kuchukuliwa.

Aliyelichukua ni mdogo wake, singeli. Muziki huu ulikua Manzese, Tandale na vitongoji vya jirani, pale washereheshaji wa shughuli za akina mama walipoanza kughani juu ya vipande vya taarabu vilivyoharakishwa. Kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Studio ndogo ya Sisso iliyopo Mburahati ilikuwa miongoni mwa viwanda vyake, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi zake uitwao Sounds of Sisso. Tofauti na mchiriku, singeli ilifaulu kuingia redioni na hata kwenye mikutano ya kampeni za siasa. Lakini mchiriku ulihitaji kundi zima la watu: wapiga ngoma, mpiga kinanda, mpiga kigoda na waimbaji. Singeli huhitaji kompyuta moja, mtu wa kuiendesha na mtu wa kughani. Mwenye shughuli akipiga hesabu ya nauli na chakula cha wapigaji, uamuzi ni mwepesi, na vijana watano au sita waliokuwa wakipata chochote usiku ule hubaki vibarazani.

Pamoja na hayo, malalamiko ya majirani yana msingi. Sherehe za mkesha zinazoitwa vigodoro zimelalamikiwa na wazazi, na zimepigwa marufuku na viongozi wa serikali mara kadhaa, kwa sababu ya ulevi, ugomvi, uchezaji usio na staha na watoto kukesha barabarani siku za shule. Mgonjwa aliye chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na spika, hana pa kukimbilia. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zimeweka viwango vya sauti kwa maeneo ya makazi, na vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Wanaozisimamia ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Na tukumbushane kwamba onyo la baraza hilo haliishii kwenye baa na kumbi za starehe. Nyumba za ibada nazo zimeonywa. Parokia inayofunga spika nje ya ukuta wakati wa mkesha haiwezi kumwambia jirani azime muziki wake saa sita usiku kwa uso mkavu.

Kuhusu ngoma yenyewe, Kanisa halina sababu ya kuiogopa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 119, ulifundisha kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa, hasa katika nchi za misioni, yastahili heshima na nafasi yake. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati ambapo wengi bado waliiona ngoma kuwa kitu cha kipagani kisichostahili kuvuka mlango wa kanisa. Leo hakuna anayeshangaa kusikia ngoma wakati wa matoleo. Hatudai mchiriku upigwe Misani. Mahali pake ni uani, na wenyewe hawajaomba zaidi ya hapo.

Kwa familia za jumuiya zetu zinazoandaa sherehe za kumuaga binti au harusi, yapo mambo machache ya kupatana na wapigaji kabla ya kutoa fedha. Kibali cha serikali ya mtaa kiombwe mapema na kitaje saa ya kumaliza. Saa hiyo iandikwe pia katika makubaliano na kikundi, kwa kuwa wapigaji husimama wakilipwa na si wakikemewa. Spika zielekezwe uani, si barabarani. Jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga apelekewe taarifa na mtu mzima wa familia, ana kwa ana. Na bajeti ikiruhusu, aitwe mpiga ngoma badala ya kompyuta peke yake. Huenda anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo.