Presha Yako Ikiyumba, Kumbukumbu Je?

Jumatatu 118, Alhamisi 152, wiki inayofuata 125. Wengi tukiona namba ya mwisho ni nzuri, tunashukuru Mungu na kuendelea na mishemishe zetu. Lakini subiri kidogo. Kupanda na kushuka huko kwenyewe kuna ujumbe, na unauhusu ubongo wako.

Huko Hisayama, mji mdogo wa Japani, watafiti waliwafuatilia watu 1,674 wenye miaka 60 na kuendelea, kuanzia 2007 hadi 2012. Mwanzoni hakuna aliyekuwa na demensia, ule ugonjwa unaomfanya mtu asahau hata njia ya nyumbani kwake. Kwa takriban wiki nne walijipima presha kila asubuhi. Waliokuwa na presha inayoyumba zaidi siku hadi siku walikuja kuonekana wana hatari ya kupata demensia zaidi ya mara mbili, wakilinganishwa na wenye presha iliyotulia. Hata wastani wa presha ulipozingatiwa, tofauti ilibaki.

Je, kuyumba ndiko kunakoleta ugonjwa? Hilo utafiti haukuthibitisha. Huenda ni dalili tu kwamba mishipa imeanza kukakamaa. Ila mishipa midogo ya ubongo haipendi vurugu: presha ikipanda sana inaumia, ikishuka mno ubongo unakosa damu ya kutosha.

Usiseme "mimi bado kijana". Presha ya juu katika umri wa kati ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia uzeeni, na ni jambo linaloweza kudhibitiwa.

Sasa wewe na mwenzi wako mfanye nini? Tafuteni mashine ya kupimia inayofungwa juu ya kiwiko. Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya dawa, nendeni msalani kwanza, kisha kaeni kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Pimeni mara mbili, mwandike zote mbili. Baada ya wiki moja mpelekeeni daktari daftari zima, siyo ile namba iliyowafurahisha.

Na kama mmoja wenu anameza dawa za presha, asiruke dozi eti "leo najisikia fresh". Presha haina kawaida ya kupiga hodi. Mkumbushe mwenzio leo, ili miaka 30 ijayo bado akukumbuke.