Je, Yafaa Kulipia Waranti ya Nyongeza?

Wakulima wengi katika skimu sasa wana umeme nyumbani, na fedha za maziwa au za mahindi zikiingia hununua televisheni, friji au redio kubwa. Mtu akiisha kuhesabu fedha zake mezani, mwenye duka humwambia: "Ongeza kidogo, mzee, upate waranti ya miaka miwili zaidi." Yafaa kufikiri kwanza.

Waranti ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja, imo ndani ya bei uliyokwisha kulipa. Ile ya nyongeza ni biashara nyingine mbali, na muuzaji ana faida yake humo.

Tuseme televisheni ni sh. 24,000, waranti ya nyongeza sh. 3,000, na kuitengeneza ikiharibika ni sh. 6,000. Hapo katika kila wanunuzi wawili lazima mmoja aharibikiwe ndipo fedha zao zirudi. Televisheni mpya haziharibiki kwa wingi namna hiyo. Tena kasoro za kiwandani huonekana mapema, mara nyingi katika miezi ya kwanza, wakati waranti ya bure ingalipo.

Lakini jambo kubwa ni hili. Vyombo vya shambani huharibiwa zaidi na umeme unaopanda na kushuka, na radi, na vumbi, na panya watafunao nyaya, na mvua ipitayo paani. Soma yale maandishi madogo nyuma ya karatasi: mara nyingi hayo ndiyo yaliyokataliwa. Basi mkulima hulipia yasiyomfika, na yanayomfika hubaki mzigo wake.

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Ukikatika na kurudi waweza kuja kwa nguvu kupita kiasi, au ukawa dhaifu hata friji inanguruma bila kugandisha. Kiko kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa baina ya plagi na ukuta. Umeme ukiwa mbaya hukata, na ukitengemaa hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu, ili mota isishtuliwe. Fedha za waranti ni afadhali ziende huko. Lakini kifaa hicho hakiwezi kushindana na radi. Mawingu yakikusanyika chomoa plagi, na waya wa eriali pia.

Wako wanaofaidika na waranti ya nyongeza. Mtu mwenye friji ya kuuzia maziwa baridi kila siku aweza kuinunua, kama fundi yu karibu na kama imeandikwa kwamba hasara ya umeme italipwa. Na aulize miaka miwili hiyo yahesabiwa tangu lini. Ikihesabiwa tangu siku ya kununua, mwaka wa kwanza ameulipia mara mbili. Maziwa yatakayoharibika friji ikifa yasitarajiwe kulipwa, isipokuwa yametajwa.

Na hata asiyenunua karatasi hiyo hakuachwa bila kinga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 31, humtaka mfanya biashara auze kitu chenye ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 husema kwamba maneno ya kuiondoa haki hiyo ni bure. Basi usitishwe na risiti iliyopigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, ikiwa chombo kilikuwa kibovu tangu dukani. Muuzaji akikaidi, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi sh. 1,000,000.

Ila mahakamani au dukani utaulizwa risiti. Risiti nyingi za mashine hufifia zikikaa mahali pa joto, hata baada ya miezi michache zikawa nyeupe tupu. Siku ile ile ya kununua ipige picha kwa simu au itolewe nakala, na uandike kando nambari iliyo nyuma ya chombo.