Dada aliyemfuata ‘shetani’ mpaka maabara

UKISIKIA kuna dada anakesha maabara kwa ajili ya shetani, usikimbilie kuita mganga. Tulia kwanza, msomaji. Shetani mwenyewe ni mnyama.

Makazi yake ni Tasmania, kisiwa cha Australia. Ni mweusi, saizi ya kijibwa, na anabeba watoto kwenye mfuko kama kangaruu. Wazungu walimpachika jina la shetani wa Tasmania kwa zile kelele zake za usiku na hasira zake anapogombea mzoga.

Mwaka 1996, kaskazini mashariki ya kisiwa hicho, alipigwa picha akiwa na mavimbe usoni. Kumbe kansa! Tena kansa ya kuambukiza.

Najua utabisha: kansa inaambukizaje? Hawa jamaa wakigombana wanang’atana usoni, na chembe hai za kansa zenyewe zinahamia kwa mwenzake. Ni kama kukata kijiti cha muhogo shambani kwako ukakichomeka kwa jirani, kikachipua. Akishapata, mara nyingi haimalizi miezi mingi, anakufa.

Mtoto wa kisiwani

Elizabeth Murchison kakulia hapo hapo Tasmania. Alisomea mambo ya jeni Chuo Kikuu cha Melbourne, kisha akakwea pipa mpaka jimbo la New York, Marekani, kwenye maabara ya Cold Spring Harbor. Mwaka 2007 akatoka na PhD yake.

Lakini huko hakusomea mashetani. Alikuwa anachimba vijinyuzi vidogo mno vya RNA ambavyo kazi yake ni kunyamazisha jeni. Ukianza kueleza somo hilo kijiweni, washikaji wanaaga mmoja mmoja.

Huku nyuma, kwao kunateketea. Alipokuwa nyumbani alikuta barabarani shetani kafa, usoni ana mavimbe. Wengine tungeziba pua tukapita. Yeye alichukua vipande vya uvimbe kwenda kuvipima.

Jike mmoja tu!

Mwaka 2010, yeye na wenzake wakatoa majibu katika jarida la Science. Kansa hiyo ilitokana na chembe za Schwann, zile zinazofunika mishipa ya fahamu. Walijuaje? Walisoma ni jeni zipi zinafanya kazi ndani ya uvimbe, pamoja na vile vijinyuzi vya RNA. Somo la kufukuza watu kijiweni likalipa!

Mwaka 2012, akiwa Taasisi ya Sanger, Uingereza, timu yake ikasoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi ya mnyama huyo na ya kansa yake. Ikaonekana ugonjwa wote ulianzia kwa jike mmoja. Mwenyewe kafa zamani, lakini chembe zake bado zinaua ukoo. Halafu mwaka 2014 ikagundulika kansa ya pili ya aina hiyo, iliyoanzia kwa dume.

Usicheke, hata mbwa wa mitaani wanayo ya kwao, wanaambukizana wakipandana. Mwaka huo huo wa 2014, kikosi cha Murchison kilionyesha kuwa hiyo ilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita! Afadhali mbwa akichomwa sindano anapona. Shetani bado hana tiba ya uhakika, na sehemu nyingine zaidi ya asilimia 80 wamekwisha. Tangu mwaka 2008 yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani.

Leo dada huyu ni profesa Cambridge, na vita bado anapigana. Kwa hiyo wewe unayetaka kutupa daftari la baiolojia eti halina soko, subiri kidogo. Angalia kwanza kwenu kunaumwa nini.