Mpagazi Asiyetua Mzigo



Wazee wetu Wanyamwezi walijulikana tangu Bagamoyo hata Ujiji kwa kazi ya upagazi. Mtu alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi, akaenda nao kwa miguu muda wa miezi, ndipo auone mji wa Tabora. Reli ilipofika hapa mwaka 1912, kazi hiyo ikapungua, kisha ikakoma. Lakini kila kiongozi wa msafara alijua neno moja: mpagazi huenda kwa kadiri ya posho yake. Posho ikipungua njiani, hata mwenye nguvu hutua.

Yuko mpagazi mwingine asiyeweza kutua kamwe, nao ni moyo. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Posho yake huletwa na mishipa midogo iuzungukayo, yenye kupitisha damu, na katika damu hiyo chakula na hewa ya oksijeni. Kwa watu wengine, hasa wazee, wavuta tumbako, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu, mishipa hiyo huingiwa na mafuta yagandayo, njia ikawa nyembamba. Mtu akikaa, hana neno. Akipanda mlima au akichukua ndoo ya maji, moyo wataka hewa nyingi, na njia haiipitishi. Ndipo kifua hubanwa, na maumivu huenda begani, mkononi au tayani. Akisimama kidogo, hutulia. Daktari Mwingereza, William Heberden, aliyaeleza hayo mwaka 1768, na maelezo yake yafaa hata leo.

Dawa nyingi za ugonjwa huu hupunguza kazi ya moyo au hupanua mishipa. Ziko nyingine zinazogusa posho yenyewe. Moyo hula hasa vyakula viwili, mafuta na sukari, na kwa desturi hutumia mafuta zaidi. Lakini kwa kazi ileile mafuta yataka hewa nyingi kuliko sukari, yapata sehemu moja ya kumi zaidi. Penye hewa tele si kitu. Penye hewa haba ni jambo kubwa. Basi dawa iitwayo trimetazidini, iliyotengenezwa Ufaransa, huzuia hatua moja katika kuyachoma mafuta, hata moyo ukatumia sukari zaidi. Dawa ya pili, ranolazini, hapo kwanza ilidhaniwa kufanya vivyo hivyo. Sasa wataalamu waona kwamba hasa hupunguza sodiamu iingiayo katika chembe za moyo, nao ukapata kulegea vema baada ya kila pigo.

Faida yake ni nini? Wagonjwa hupimwa wakitembea juu ya ukanda unaozungushwa na mashine. Habari za jaribio moja la wagonjwa 823 zilitolewa mwaka 2004. Waliopewa ranolazini juu ya dawa zao za kawaida waliwapita wenzao, waliopewa kidonge kisicho na dawa, kwa sekunde 24 hivi, na maumivu yao yalipungua yapata mara moja kwa juma. Sekunde 24 ni hatua chache tu. Walakini kwa mzee anayetaka kufika kanisani bila kusimama, hatua chache ni neema.

Lakini tusikie na upande wa pili. Dawa hizi hazizibui njia. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 6,007 waliokwisha kupanuliwa mishipa. Trimetazidini haikupunguza vifo vyao wala kurudi kwao hospitali kwa ajili ya moyo. Tena mwaka 2012 wakuu wa dawa wa Ulaya walionya kwamba yaweza kuleta kutetemeka na ugumu wa viungo, wala asipewe mwenye ugonjwa wa Parkinson au mwenye figo mbovu sana. Basi mtu asiinunue kwa kusikia sifa zake, wala aliyepewa na daktari asiziache dawa nyingine kwa kuwa sasa anatembea vema.

Tena kutembea kwenyewe ni dawa, kwa kadiri daktari aliyoipima. Heberden alisimulia habari za mgonjwa mmoja aliyejipa kazi ya kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona.

Sasa neno kwa nyumba zetu na kwa walimu. Baba au bibi akisimama njiani mara kwa mara, ameshika kifua, msimwite mvivu, wala msikimbilie kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemroga. Mchukulieni ndoo, kisha mpelekeni hospitali, kama ile ya Kitete hapa Tabora, apimwe. Na maumivu yasipotulia kwa kupumzika dakika chache, au yakija amekaa tu, msingoje asubuhi. Hapo moyo wenyewe unakufa kwa kukosa hewa.

Wazee wengi huyaficha maumivu yao, wasije wakawasumbua watoto. Basi waulizeni ninyi, kwa upole na heshima, jioni hii baada ya sala.