Aliyekunywa sumu: Kutapisha, kuosha tumbo au mkaa?

Ndugu msomaji, mtu akinywa mafuta ya taa au dawa ya wadudu, au akimeza vidonge kupita kiasi, wengi wetu hukimbilia kumtapisha kwa kidole, maji ya chumvi au maziwa. Leo tutazame, in shaa Allah, njia za kuondoa sumu tumboni na kwa nini kazi hiyo ni ya hospitali.

KUTAPISHA: Zamani hata madaktari walishauri dawa ya kutapisha iwekwe nyumbani. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliacha ushauri huo, kwani faida yake haikuthibitika. Mafuta ya taa yakipanda huweza kuingia mapafuni. Tindikali huunguza koo mara ya pili. Na chumvi nyingi yenyewe ni hatari kwa mtoto.

KUOSHA TUMBO: Mpira hupitishwa hadi tumboni, maji yakaingizwa na kutolewa. Ndugu wa mgonjwa huidai sana njia hii. Lakini saa moja ikishapita, faida yake ni ndogo, na mgonjwa anaweza kupaliwa maji yakaingia mapafuni. Siku hizi hufanywa kwa nadra, na aliyekunywa mafuta ya taa au tindikali kwa kawaida haoshwi.

MKAA DAWA: Huu ni unga mweusi uliotengenezwa maalumu. Hukorogwa na maji, ukanasa sumu isiingie kwenye damu. Nao hufaa zaidi ndani ya saa moja. Haunasi vidonge vya kuongeza damu, pombe wala tindikali. Mkaa wa jikoni si badala yake.

Zipo pia dawa za kuzuia madhara ya sumu yenyewe. Aliyemeza paracetamol nyingi huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kumbe ini linaharibika. Dawa yake hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8. Basi msisubiri dalili.

Nyumbani fanya haya:
1. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta.
2. Sumu ikimwagikia mwili, mvue nguo, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Nawe jikinge mikono.
3. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlaze ubavu.
4. Mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa au pakiti ya alichomeza.

Mwisho, zipo familia zinazochelewa au kumficha tabibu ukweli kwa kuona aibu, pale mtu anapokuwa amekunywa sumu kwa makusudi. Ndugu zangu, kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Semeni alichomeza, kiasi na saa. Siri yake tabibu ataitunza. Na akipona, msimlaumu wala kumwacha peke yake; mtafutieni msaada wa tabibu wa afya ya akili.

Wabillahi tawfiq.